Acheni kuniuliza mama yake alilipwa ngapi

Haya wadau, leo naongea tu maana nimechoka. Kila nikiposti video niko ufukweni lazima mtu aandike "yule mshikaji wako mwanajeshi aliyefariki, familia ililipwa ngapi?" Sijaja kujionyesha kwamba nilikuwa na rafiki mwanajeshi, wala sijaja kulia shida za Marekani. Mtanisema tu, nimezoea.

Marehemu alikuwa jeshi la akiba la Marekani. Wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, siku zingine yuko kibaruani kama mimi. Watu wanaona hiyo ni hela ya juu juu tu, ila wakikuita umeitwa. Ile droni iliyopiga kambi ya Wamarekani ya Tower 22 kule Jordan Januari 28, 2024 iliua watatu, wote wa akiba, wa Georgia. Wetu hakuwa mmoja wao, msianze kutafuta majina.

Sasa mtu wa Tanga yule, bahari ndo maisha yake. Mnauliza kwa nini hakwenda Navy, jeshi lao la majini, jamani aliingia na green card, yaani kibali cha kuishi tu sio uraia, na kazi kibao zinataka kibali cha kushika siri za serikali ambacho bila uraia hupewi, akaishia kuendesha malori. Mtu wa ngalawa! Yuko kwenye usukani katikati ya vumbi anakwambia "leo kwetu bamvua", haangalii simu wala nini, anahesabu mwezi tu, ukiandama au ukiwa mpevu anajua maji yatakupwa mbali na akina mama watashuka kuchokoa pweza. Bahari ya huku anatia mguu, anatukana baridi, wiki ijayo anataka twende tena.

Haya, hela. Bima yao ya maisha ya wanajeshi, SGLI, siku hizi inafika dola 500,000, na kuna rambirambi ya serikali dola 100,000, sio siri. Ila bima analipwa aliyeandikwa kwenye fomu, sio shangazi aliyelia kuliko wote msibani. Mama aliandikwa, lakini jina lake kwenye paspoti na kwenye cheti linapishana herufi moja, basi ikawa kiapo, mhuri, tafsiri, tuma, ofisi moja siitaji ikapoteza bahasha, anza upya. Nashinda kwenye simu nasikiliza muziki wa kusubirishwa, bosi ananikata jicho, halafu huko nyumbani nasikia eti nimekalia hela za watu. Mimi! Nauli ya makaratasi nimetoa mfukoni kwangu.

Na wale mnaosema angezikwa baharini. Navy wanazika baharini kweli, hata askari wa nchi kavu aliyefia kazini anaruhusiwa, ila familia haipandi meli, wanafanya wakiwa safarini, nyie mnaletewa barua ya tarehe, saa, latitudo na longitudo. Nikamweleza mama kwenye simu, kimyaa, halafu akasema, "Mwanangu, nikitaka kumsomea Yasini, nisomee namba?" Tukazika ardhini. Eti tumemnyima alichopenda. Si mngempigia nyie huyo mama.

Mnaotaka kujiunga, mimi sikushauri wala sikukatazi, kila mtu na hesabu zake na kwako inaweza kuwa tofauti kabisa. Jina la mama tu liandike kama lilivyo kwenye paspoti. Na wewe unayeuliza kila video kama mama kashajenga, leo nakublock.