Gongo la Duncan na Mpindo Wake

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka karakana moja kwa moja na vumbi la mbao bado liko mikononi. Leo nazungumzia gongo moja tu la hoki ya barafu, ila ni gongo la mita 62 na uzito wa tani 28 hivi.

Lilitengenezwa kwa ajili ya banda la Kanada kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1986 mjini Vancouver. Mwaka 1988 likahamishiwa Duncan, mji mdogo wa Kisiwa cha Vancouver, likafungwa nje ya jengo la michezo. Watu walilipiga picha kwa ukubwa wake. Mimi ukubwa haunishughulishi sana. Nikiona gongo lolote, jicho langu huenda pale chini, mpini unapogeuka kuwa bapa. Mpindo ule umetoka wapi?

Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, waliosifika karne ya 19 kwa magongo ya kuchezea kwenye barafu, hawakupinda kitu. Walitafuta mti mgumu uliojipinda wenyewe, pale shina linapoingia mzizini, wakachonga kwa kufuata nyuzi zake. Nyuzi zikipita kwenye kona bila kukatwa, gongo halivunjiki ovyo. Fundi wa majahazi wa Lamu hahitaji kuelezwa hili: mataruma yake, yaani mbavu za chombo, huyatafuta kwenye matawi yaliyopinda. Na vijana wa Ethiopia wanaocheza genna, mchezo wao wa magongo, msimu wa Krismasi yao, tarehe 7 Januari, wanajua tawi la kukata.

Wahaudenosaunee, wenyeji wengine wa asili wa Amerika Kaskazini, walishika njia nyingine. Gongo lao la lakrosi, lile lenye wavu kichwani, ni mti mgumu wa hikori uliopasuliwa, ukapigwa mvuke, ukapindwa, ukafungwa na kuachwa ukauke kwa miezi. Samaki mkunje angali mbichi, na mti vilevile. Kwao hicho si kifaa cha mchezo tu: mtoto wa kiume hupewa kigongo akizaliwa, na mtu huzikwa na gongo lake. Hata magongo ya enzi ile Kenya ilipomaliza ya nne Kombe la Dunia la hoki ya nyasi huko Barcelona, mwaka 1971, kwa kawaida yalikuwa na kichwa cha mforosadi kilichopindwa kwa mvuke, na mpini wa henzerani.

Sasa turudi Duncan. Gongo lile lilitengenezwa kwa boriti za mti wa Douglas, wa jamii ya msonobari, zilizounganishwa na kutiwa nguvu kwa chuma. Wapo wanaosema hiyo si sanamu, ni tangazo lililokosa maandishi. Nawaelewa, maana mji huohuo, katika nchi ya Wacowichan, wenyeji wake wa asili, umejaa nguzo za mwerezi zilizochongwa, na kwenye nguzo unauona mti mzima tangu shina hadi ncha. Kwenye gongo huuoni.

Lakini kumbukeni lilitengenezwa lini. Kufikia 1986, magongo ya kiwandani nayo yalikuwa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Kwa hiyo lile ni picha ya kweli ya gongo la wakati wake, gundi na yote. Anayetaka lingefuata njia ya Wami'kmaq anionyeshe kwanza mzizi uliojipinda wa mita 62.

Haya, nani ana swali?