Kufunga transfoma ya kutokea ya ampilifaya ya redio, megahezi 1.8 hadi 30

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunafunga transfoma ya kutokea, ile inayolinganisha transista na antena, ya ampilifaya yenye mosfeti (aina ya transista) mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana. Umeme wetu ni volti 13.8, antena ni ya omu 50, na tunataka kupita megahezi 1.8 hadi 30 bila kurekebisha chochote njiani. Saketi ya koili moja na kapasita moja haitufai hapa, maana hulingana pale tu ulipoipigia hesabu.

Tuanze na kalamu, waya baadaye. Wengi hukimbilia kutafuta impedansi (ukinzani kwa ishara ya redio, kwa omu) ya kutokea ya transista ili wailinganishe na antena. Kwenye ampilifaya ya nguvu achana na hiyo. Jiulize hivi: kwa volti nilizonazo, transista zione mzigo wa omu ngapi ndipo zitoe wati ninazotaka? Chukua 13.8, toa volti 1 inayobaki kwenye transista yenyewe, unapata 12.8. Izidishe kwa yenyewe, kisha mara 2, halafu gawanya kwa wati 50. Inakuja omu 6.5 hivi, kutoka dreini (mguu wa kutokea wa mosfeti) hadi dreini. Kutoka hapo hadi omu 50 ni kupandisha mara 7.6.

Sasa, transfoma hii haina mara 7.6. Upande wa transista una mzunguko mmoja tu, na impedansi hupanda kwa mraba wa mizunguko ya upande wa pili. Mizunguko 2 ni mara 4. Mizunguko 3 ni mara 9. Ukichagua mara 4, transista zinaona omu 12.5 na nguvu inakomea wati 26. Ukichagua mara 9, zinaona omu 5.6 na unaweza kufika wati 59. Mimi naenda na mara 9, mradi kipoozajoto kiwe cha maana, kwa sababu mkondo utakaribia ampea 8.

Tuje mezani. Weka mirija miwili ya feraiti aina ya 43 sambamba, na kila mmoja uupitishie bomba jembamba la shaba. Upande mmoja unganisha mabomba kwa kibao cha shaba. Upande wa pili yaache mbalimbali, kila bomba liende kwenye dreini yake. Huo ndio mzunguko mmoja. Kisha pitisha waya wa Tefloni: ingia bomba la kwanza, rudi kwa la pili, mara 3. Kingo za bomba zipige msasa kwanza, zisije zikachana ganda la waya.

Kabla ya kulehemu kwenye bodi, pima. Acha upande wa transista wazi, unganisha NanoVNA (kipimo kidogo cha saketi za redio) upande wa omu 50, soma megahezi 1.8. Tunataka indaktansi ya mikrohenri 18 au zaidi, yaani omu 200 hivi, mara nne ya mzigo. Ikipungua, usiongeze mzunguko, utaharibu uwiano wote. Ongeza feraiti: mirija mirefu zaidi, au miwili miwili kwa kufuatana.

Kipimo cha pili ndicho kinachorukwa na wengi. Unganisha midomo miwili ya upande wa transista moja kwa moja kwa bapa pana la shaba, pima tena upande wa omu 50, safari hii megahezi 30. Unachosoma sasa ni indaktansi inayovuja, ile ambayo haishirikiani na upande wa pili. Tuseme umepata mikrohenri 0.1. Inaonekana ndogo, lakini kwa megahezi 30 ni karibu omu 19, na peke yake inatosha kukupa SWR (kipimo cha ulinganifu; 1 ni kamili) ya 1.45.

Dawa yake ni kapasita. Ile mikrohenri 0.1, ukiihamishia upande wa transista, inakuwa nanohenri 11, na hesabu inadai pikofaradi 350 hivi kati ya dreini mbili. Anza na 330. Tumia ya maika au seramiki ya NP0 (aina isiyobadilika kwa joto), kwa sababu mkondo unaopita hapo ni mkubwa na kapasita dhaifu itachemka hadi ipasuke.

Sasa tuweke mzigo wa majaribio. Usichukue rezista moja ya omu 5.6 yenye miguu mirefu. Sentimita moja ya mguu ni nanohenri 10 hivi, na kwa megahezi 30 hiyo ni karibu omu 2 juu ya 5.6 zako; utakuwa unapima mguu, si transfoma. Chukua rezista 10 za omu 56, zisiwe za waya uliosokotwa, uzipange sambamba moja kwa moja kwenye midomo ya mabomba.

Pitisha NanoVNA kutoka 1.8 hadi 30 na utazame mkunjo. SWR ikipanda upande wa chini, feraiti haitoshi. Ikipanda upande wa juu, ni uvujaji: fupisha waya, sogeza kapasita karibu, jaribu 270 au 390. Ikiwa mbaya kote kwa kiwango kilekile, hesabu mizunguko upya. Chini ya 1.5 kote, mimi huridhika.

Ukishailehemu kwenye bodi, anza na umeme uliowekewa kikomo cha mkondo na mzigo bandia wa omu 50, wala usiguse shaba ampilifaya ikiwa inatuma, inaunguza. Kichujio cha harmoniki (masafa ya ziada, vizidisho vya masafa yako) kinakuja baada ya transfoma, kabla ya antena, na ni lazima. Na ukiona nguvu inashuka kuelekea megahezi 30 ilhali mkunjo ulikuwa safi, usiifungue transfoma hii. Nenda kwenye mageti (miguu ya kuingilia ya mosfeti): kapasitansi yake inameza ishara inayoingia, na upande ule una ulinganishaji wake.