Kuhamia Kisiwa cha Mbali: Maisha Yasiyo na Njia ya Pili

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kuhamia visiwa vya mbali vya ukanda wa joto, na kwa kuwa mandhari ya visiwa hivyo mmekwisha kuiona pichani, nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowashinda wageni zaidi ya upweke: kisiwani karibu kila kitu ni kimoja tu. Meli ni moja, hospitali ni moja, mkongo wa intaneti ni mmoja, na hicho kimoja kikiharibika hakuna cha kushika nafasi yake.

Nianze na sheria, maana wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kufunga mizigo. Katika Ascension, kisiwa cha Uingereza kilichomo katikati ya Bahari ya Atlantiki, hakuna mwenye haki ya ukaazi wa kudumu. Anayeishi pale yupo kwa mkataba wa kazi au kwa kumtegemea mwenye mkataba, na kazi ikiisha, ukaazi nao umekwisha, hata awe amekaa miaka 20. Katika Visiwa vya Cook, vilivyoko Pasifiki ya Kusini, ardhi ni ya koo na haiuzwi. Mgeni hupangishwa kwa muda usiozidi miaka 60, na kiwanja kimoja huweza kuwa na wenyewe wengi ambao ridhaa yao haina budi kutafutwa. Kwa hiyo mtu akikuambia amekupatia kiwanja cha kununua ufukweni huko, muulize kwa upole anauza nini hasa.

Kuhusu usafiri sitakaa sana. St Helena, kisiwa kingine cha Uingereza katika Atlantiki, ilifikiwa kwa meli tu hadi Oktoba 2017, safari za ndege za abiria zilipoanza, na hata hapo uzinduzi ulikuwa umechelewa kwa sababu ya upepo unaobadilika ghafla karibu na njia ya kutua. Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki, haina kiwanja cha ndege hadi leo. Hufikiwa kwa meli kutoka Apia, nchini Samoa, kwa safari inayozidi siku nzima. Mawasiliano nayo yana udhaifu ule ule. Volkano ya chini ya bahari ilipolipuka Tonga mwezi Januari 2022, ilikata mkongo pekee uliounganisha nchi hiyo na dunia; kisiwa kikuu kilisubiri takriban wiki tano mkongo huo utengenezwe, na visiwa vya pembezoni vilisubiri zaidi ya mwaka. Anayetegemea kufanya kazi kwa mtandao akiwa kisiwani aupime mpango wake kwa tukio hilo.

Lakini jambo ninalotaka tulitulie ni maji. Kisiwa cha atoli, yaani kisiwa bapa cha matumbawe, hakina mto wala chemchemi. Mvua hupenya kwenye mchanga na matumbawe, kisha maji yake yasiyo na chumvi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka hilo ndilo kisima cha watu wote. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, maji ya chumvi hupanda kutoka chini; mawimbi ya dhoruba yakifurika nchi kavu, chumvi huingia kutoka juu, na tabaka lililoharibika huhitaji mvua za miezi mingi kupona. Ndiyo maana kila nyumba hukinga mvua kwa mifereji ya paa. Wenyeji hugonga ubavu wa tangi kwa vifundo vya vidole, na pale mlio unapobadilika hujua maji yameishia wapi. Mvua ya kwanza baada ya ukame huachwa ipite, kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege vilivyorundikana juu ya paa. Mgeni anayeoga kwa dakika nyingi hataambiwa neno, ila majirani watakuwa wamesikia pampu yake.

Afya ni suala la hesabu. Zahanati ya kisiwa kidogo hushona jeraha na kutibu homa, lakini mwenye kuhitaji upasuaji mkubwa husafirishwa nje, nawe usikubali bima isiyotaja waziwazi usafiri huo wa dharura. Nyongeza moja kwa wapenda samaki: baadhi ya samaki wa kwenye matumbawe hubeba sumu iitwayo siguatera, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na haina ladha wala harufu ya kukuonya. Waulizeni wavuvi wa mahali hapo, kwani samaki aliye salama upande mmoja wa kisiwa huenda si salama upande wa pili.

Ninawashauri mkae kisiwani kwanza katika msimu mbaya, ambao Pasifiki ya Kusini ni msimu wa tufani wa Novemba hadi Aprili, kabla ya kuuza chochote mlicho nacho. Na kabla ya kutia saini mkataba, someni kifungu cha kurudi: kiseme nani atalipia mizigo yenu ikiwa mtaondoka kabla ya muda, na nani atawatafutia nafasi melini ikiwa imejaa. Sasa nipo tayari kupokea maswali yenu.