Kipusa Haruki Tena

MUSA: Karibuni tena kipindini. Leo mwenzangu Zawadi ni mwenyeji na mgeni kwa pamoja, maana habari ni ya farasi wake. Haya dada, Kipusa ana nini?

ZAWADI: Ugonjwa wa navikula, miguu yote miwili ya mbele. Navikula ni mfupa mdogo sana ndani ya kwato, upande wa nyuma. Kano kubwa ya mguu hupita hapo, inausugua kila hatua.

MUSA: Ulimgunduaje?

ZAWADI: Saisi, yule anayemtunza, ndiye aliyegundua. "Mama, huyu anatikisa kichwa." Mguu mbovu ukikanyaga, farasi huinua kichwa ili aupunguzie uzito. Kwenye nyasi huoni kitu. Mkimbize mchakamchaka kwenye lami, tena kwa duara, hapo utaona. Daktari akamchoma sindano ya ganzi kwenye neva za kisigino, mguu wa kulia. Dakika kama 10 hivi, kulia kumetulia kabisa. Nikaanza kutabasamu. Kumbe sasa anachechemea kushoto! Maumivu ya kulia yalikuwa yanayafunika ya kushoto.

MUSA: Pole sana. Na ulishajiandaa kwa mashindano ya Jamhuri Park.

ZAWADI: Viunzi vya mita moja. Yamekwisha hayo. Farasi akiwa amesimama tu, miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito wake. Sasa fikiria anapotua.

MUSA: Lakini nasikia kuna upasuaji wa kukata hizo neva.

ZAWADI: Upo, na kusema kweli ulinitamanisha. Ila maumivu yanaondoka, ugonjwa unabaki palepale. Akikanyaga msumari hajui. Na ile kano inaweza kukatika nami nikiwa mgongoni. Nikakataa.

MUSA: Si ungemuuza? Wanaofundisha watoto kupanda farasi hawakosekani huko Karen.

ZAWADI: Musa! Nimpe dawa ya maumivu asubuhi, mnunuzi aje saa nne amkute mzima? Wako wanaofanya hivyo, na anayepandishwa ni mtoto wa mtu.

MUSA: Sikusema udanganye mtu, jamani.

ZAWADI: Ukisema ukweli hakuna anayefika bei. Huyu alishastaafu mbio za Ngong, umri nao unasonga.

MUSA: Sasa mpango ni upi?

ZAWADI: Fundi wa kwato kwanza. Kipusa nilimpata akiwa na ncha ndefu za kwato, visigino vimelala. Fundi anapunguza ncha, anamvisha kiatu kilichoinuliwa nyuma, na anarudi kila baada ya wiki 6 hivi. Kumfungia bandani kutwa hakumsaidii, kwa hiyo tunatembea, hatamu zimelegea. Mvua ikilainisha ardhi, mchakamchaka kidogo. Kiangazi udongo ukikauka kama saruji, ni kutembea tu.

MUSA: Na lile tandiko lako la kurukia?

ZAWADI: Nimeshaliuza. Limelipa picha za eksirei, na pesa zilizobaki nimempa fundi.