Mshumaa uliogeuka mwenge

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Naona wengine wamefungua daftari wakisubiri orodha ya tamathali: tashbihi, sitiari, takriri, tafsida. Hiyo mliimaliza sekondari. Barua zenu za kuomba kisima ninazo hapa mezani, tutazifikia. Kwanza nina sentensi moja tu.

Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam, Julius Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima ambapo pamejaa dharau.

Sikilizeni mwendo wake. Vipande vitatu, kila kimoja kimefungwa na kinyume chake. Takriri, yaani kurudia mpangilio uleule, na ukinzani, yaani kugonganisha vinyume, vinatembea pamoja, ndiyo maana sentensi inakaa kichwani. Aliyelelewa kanisani atasikia humo ile sala inayohusishwa na Fransisko wa Asizi, ya kupanda upendo penye chuki. Nyerere alikuwa Mkatoliki, na alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko pale Pugu. Mimi sidhani ilimtoka kwa bahati.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aligawa ushawishi mafungu matatu: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja. Hapa hoja hamna. Hakuna takwimu, hakuna "kwa sababu". Mzigo wote umebebwa na hisia na mahali aliposimama msemaji, na hapo ndipo ninapovua kofia. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mtu aliyekuja kudai anaongea kama mwenye kugawa! Jaribuni kuigeuza: "Tunaomba mtuwashie taa." Imelegea palepale.

Kuna kitu wengi hawakijui. Siku ile alizungumza Kiingereza, na alichotaja ni mshumaa. Mwenge umekuja na Kiswahili. Hebu fikirieni mshumaa kwenye kilele cha mita 5,895, na upepo ule! Kiingereza kinauona mshumaa madhabahuni, umetulia. Kwetu ukitaja mshumaa mtu anajua umeme umekatika. Mwenge unashikwa mkononi, unatangulia njia, watu wanapokezana. Kwa hiyo sitiari, ile picha ya maneno, ikapata miguu: uhuru ulipofika Desemba 1961, mwanajeshi Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni kwelikweli, na mpaka leo Mwenge wa Uhuru unakimbizwa nchi nzima. Mshumaa nani angeukimbiza?

Haya, barua. Nimezipitia usiku, na karibu zote zinaanza na "sisi wanyonge wa kijiji hiki". Chukueni kalamu, futeni mstari huo, kisha mniambie kijiji chenu kinaleta nini kwenye kisima hicho: mchanga, mawe, mikono, kiwanja. Tuanze na wewe mama uliyekaa karibu na mlango.