Uwani Kwetu: Hoho iliyomliza nyanya

Mwanaisha: Haya jamani, asalaam aleikum, hamjambo, mwasikiliza Uwani Kwetu, mimi Mwanaisha na huyu hapa Katana, na leo Katana amekuja na karatasi kabisa, mambo matano, hoho kutoka mbegu mpaka sahani. Lakini kabla hajaifungua hiyo karatasi niacheni niseme yaliyonipata Ijumaa.

Katana: Sema dadangu, maana ile meseji yako nilidhani kuna msiba.

Mwanaisha: Nusu ya msiba! Wajua ile miche yangu minne, mbegu nilitia mwezi wa tano mvua ikinyesha, sasa hoho ya kwanza imeiva, nyekundu, imenona, kila asubuhi naipangusa vumbi kwa leso kama kikombe cha kabatini. Ijumaa wageni wamekuja kula pilau baada ya swala, nikaichuma kwa mkono wangu nikaikatia kwenye kachumbari. Nyanya akatia kijiko cha kwanza. Akanyamaza. Akaweka kijiko chini. Machozi yamtiririka, halafu aniuliza polepole, "Mwanaisha, umetia nini humu?" Namwambia hoho. Aniambia, "Sasa umetia hoho, ulitaraji iwe sukari?"

Katana: [anacheka] Nyanya yuko sawa!

Mwanaisha: Yuko sawa vipi, hoho si haiwashi?

Katana: Kwako wewe. Kwa wazee wa hapa pilipili hoho ni ile kali, hata kamusi za zamani zimeandika hivyo, na hii tunayotia kwa pilau waiita pilipili boga. Nenda Unguja leo utasikia boga. Ni bara huko, Nairobi na Dar, ndo hoho ikawa hii tamu, ikaturudia sokoni na jina jipya.

Mwanaisha: Ndo maana miaka yote hii akinituma hoho sokoni Marikiti nikija na zile kubwa za kijani aniangalia tu.

Katana: Alikuwa akikuvumilia!

Mwanaisha: Na tungule je? Nikisema nyanya aniuliza, "Mimi ndo nimekatwa kwenye kachumbari?" Kwake ni tungule, basi, nyanya ni mtu.

Katana: Kwa hiyo mapishi ya wiki hii, tungule mbili, hoho moja, nyanya mmoja analia.

Mwanaisha: [anacheka] Haya fungua karatasi yako.

Katana: Jambo la kwanza, mbegu. Mbegu zako ulitoa wapi?

Mwanaisha: Nilinunua hoho sokoni, nyekundu, nikaipasua nikatoa mbegu, nikazianika kivulini kwa karatasi siku tatu nne.

Katana: Kuchagua nyekundu umefanya vizuri sana, wasikilizaji shikeni hapo, hoho ya kijani ni ile ile nyekundu ambayo haijakomaa, na mbegu zake nyingi nazo hazijakomaa, utangoja trei wiki tatu huoni kitu. Ya kukomaa na kwa joto letu la hapa Mombasa, siku 7 mpaka 14 zishatoka. Shida yako ni kwamba humjui baba.

Mwanaisha: Baba wa nani?

Katana: Wa hoho. Ua la hoho linajichavusha lenyewe mara nyingi, lakini nyuki akipita anabeba chavua. Huko shambani ilikotoka, kama mkulima alikuwa na mstari wa zile pilipili ndefu nyembamba karibu, hizo na hoho ni ndugu wa tumbo moja, zinapandana bila taabu, na ukali ukikutana na utamu ukali ndo unashinda. Mbegu zako zilikuja na ukali wao kutoka sokoni.

Mwanaisha: Hapana. Hapo siko na wewe hata kidogo. Ilipata ukali uwani kwangu. Nyanya ana pilipili mbuzi wake pale ukutani, na mche uliotoa hoho kali ndo ulio ubavuni mwa huo mbuzi, majani yanagusana. Mche wa karibu na bomba, mbegu ya tunda lile lile Katana, umezaa hoho tamu, nimeila jana mbichi na chumvi. Sasa nieleze.

Katana: Nakueleza. Ile nusu umekuja nayo? Lete. Ona hapa, huu utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, ukali unatengenezwa hapa, hata si kwenye mbegu. [kimya] Aah. Ah ah. Nipe maji.

Mwanaisha: Ulitaraji iwe sukari?

Katana: [anakohoa] Huu utando na nyama yote hii ni mwili wa mama, wa mche wenyewe. Chavua ya jirani inaingia kwenye mbegu tu. Kwa hiyo mbuzi wa nyanya akimpanda hoho wako leo, tunda hili halibadiliki, utakuja kuuona ukali ukipanda mbegu zake msimu ujao. Na mbuzi mwenyewe kwa hoho ni ukoo mwingine, kupandana kwao ni kwa shida.

Mwanaisha: Maneno matamu, lakini mimi naangalia macho yangu yanaona nini. Wa karibu na mbuzi mkali, wa mbali mtamu.

Katana: Kwa sababu mbegu za tunda moja zaweza kuwa na baba mbalimbali! Chavua ya nyuki huyu, chavua ya lenyewe. Miche yako ni ndugu wa mama mmoja, mmoja kafuata baba mkali. Kwamba ulimpanda karibu na mbuzi ni bahati tu.

Mwanaisha: Bahati! Mamangu kabla yangu alikuwa akitenga, shangazi zangu wote wanatenga, watu wazima hawa hawakuwa wanacheza.

Katana: Na walikuwa sahihi kutenga kama wanaweka mbegu. Wametenga kwa faida ya mwaka wa mbele.

Mwanaisha: Walitenga kwa faida ya sahani ile.

Katana: Basi tujaribu. Ng'oa huo mbuzi, tungoje hoho zinazofuata kwenye mche ule ule. Zikiendelea kuwa kali, mbuzi hana kosa.

Mwanaisha: Ning'oe mbuzi wa nyanya? Ule anaokamulia ndimu tukala na samaki mwaka mzima? Wewe njoo umwambie mwenyewe.

Katana: ...Siji.

Mwanaisha: Basi mbuzi amebaki na mimi nimebaki na langu.

Katana: Na mimi langu. Ila nakuomba kwa hisani, msimu ujao nunua pakiti agroveti, uliza California Wonder, hiyo mbegu ni ya tangu 1928 na si chotara, ukiipanda mbali na pilipili zingine ukaweka mbegu zake unapata hiyo hiyo. Lakini kwa jaribio letu ipande ubavuni mwa mbuzi pale pale. Ikizaa tamu unanipigia simu.

Mwanaisha: Na ikizaa kali?

Katana: Haizai kali.

Mwanaisha: Nimekuuliza ikizaa.

Katana: Haizai, dada. Tuingie la pili, trei na udongo.

Mwanaisha: Ngoja, hilo jina California tutamwambiaje nyanya, tumwambie hoho au boga?

Katana: Mwambie boga! Ukisema hoho ataitia kwenye achari!

Mwanaisha: [anacheka] Na manga je, pilipili manga ni ile nyeusi ya pilau, Manga si Uarabuni, kwa hiyo kila pilipili ina kwao isipokuwa hii yetu...

Katana: Hii kwao ni Meksiko na huko Marekani ya Kusini, ilikuja na Mreno, na ile nyeusi ya pilau hata si ndugu yake, ni mmea mwingine kabisa. Mwanaisha, la pili.

Mwanaisha: Katana, adhana hiyo.

Katana: Lakini sijasema hata la pili!

Mwanaisha: Sema yanayowezekana, haraka.

Katana: Haya haya, mbegu uifukie nusu sentimita tu, mche uutoe kwenye trei ukiwa na majani kama matano, maji ya mtungi jamani si ya kisima, visima vyetu vina chumvi, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ndo hiyo, hoho haiwezi chumvi. Na kaskazi inaingia, ukitia mbegu sasa maua yatakuja Januari, joto likipita 32 yanapukutika yote unabaki na majani, ngojeni masika, muwe kama Mwanaisha mwezi wa tano, hapo alipatia...

Mwanaisha: Umesikia, nilipatia.

Katana: Mwezi ulipatia. Mbegu hukupatia.

Mwanaisha: Ni mbuzi, Katana. Tutumieni voisi, kwenu ni hoho au boga. Kwaherini.