Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Assalaam aleikum. Na wenzetu wa hamjambo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Wafilipino na pesa wanazotuma kwao. Pale mlangoni mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, Wafilipino wanatuhusu nini sisi watu wa Mombasa?" Nikamwambia, mzee wangu, kina dada wengi waliomo ukumbini humu ama wametoka Ghuba ama wana tiketi ya kwenda. Huko jikoni watamkuta Mfilipino aliyewatangulia miaka kumi. Anajua duka gani lina ada nafuu, ajenti gani mwongo, na siku gani ya mwezi si ya kutuma. Basi tumjue kabla hatujafika.

Mimi nilikaa miaka 6 nyuma ya kioo cha duka la kubadilisha fedha, Deira, Dubai. Kazi yenyewe haina hadithi: unapokea dirhamu, unaandika jina, unatoa risiti. Ila Ijumaa, ambayo siku zile ndiyo ilikuwa mapumziko ya wengi, foleni ilifika barabarani, na Wafilipino nilikuwa nawajua kwa karatasi. Mama anafika dirishani, anafungua pochi, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mle mna orodha. *Nanay*, yaani mama, chakula. *Kapatid*, ndugu, karo ya chuo. *Utang*, deni, na mbele yake jina la aliyemkopesha nauli. Kila jina na kiasi chake. Halafu ananiambia, "Tatu, tafadhali." Maana yake tuma mara tatu, kwa watu watatu.

Mwanzoni nilidhani hajui hesabu. Ada ya kutuma pale kwetu ilikuwa moja, utume 200 au utume 1,500. Ukituma mara tatu unalipa ada tatu. Nikajifanya mwema, nikamwelekeza mmoja wao: dada, zitume zote kwa mama yako, yeye atawagawia. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyesema la kipumbavu mbele ya wageni. Akaniambia, zikifika kwa mama zote, mjomba ataumwa.

Hapo ndipo nilipoelewa biashara niliyokuwa naifanya. Ile ada ya pili na ya tatu haikuwa hasara kwake. Alikuwa ananunua haki ya kugawa mwenyewe. Pesa ikishavuka bahari kwa jina la mtu mmoja, mgawanyo ni wa huyo mmoja, na kila aliye karibu naye atapata tatizo wiki hiyo hiyo. Nyinyi mnacheka kwa sababu mna wajomba.

Karatasi hii ina historia yake. Mwaka 1974 serikali ya Ferdinand Marcos, rais wa Ufilipino, ilitangaza sheria ya kazi iliyofanya kupeleka wafanyakazi ng'ambo kuwa shughuli ya serikali yenyewe. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mwaka uliotangulia. Ufilipino ilihitaji fedha za kigeni kununua mafuta hayo na ilikuwa na vijana wasio na kazi. Saudia ilikuwa na fedha za mafuta na haikuwa na watu wa kutosha wa kujenga barabara na bandari. Mpango ukaelezwa kuwa ni wa muda. Umeshapita miaka 50.

Serikali ikaona watu wanakwenda lakini fedha haziingii benki kama ilivyotaka. Watu walikuwa wanampa rafiki anayerudi likizo, au wanabadilisha kwa dalali. Basi Desemba 1982 ikatoka amri namba 857: kila mfanyakazi wa ng'ambo alazimike kupeleka sehemu ya mshahara wake nyumbani kupitia benki za nchi. Mfanyakazi wa nyumbani asilimia 50. Daktari, mwalimu au muuguzi anayepewa chakula na malazi, asilimia 70. Baharia asilimia 80. Asiyetii, pasipoti yake haifanywi upya.

Hebu fikirini. Mtu anafua na kupika Hong Kong, anatuma pesa kila mwezi kwa hiari yake miaka yote, halafu anaambiwa atume kwa amri na aoneshe risiti. Wanawake wa Hong Kong wakakasirika. Wakajikusanya, wakaandika, wakaandamana, na mwaka 1985 serikali ikaondoa zile adhabu. Umoja wa Wafilipino wa Hong Kong ulizaliwa katika vuguvugu hilo. Watu wa kazi za ndani, wenye siku moja ya mapumziko kwa wiki, waliishinda amri ya Marcos aliyekuwa bado yuko madarakani! Mimi huwa nashangaa jambo hili halisimuliwi zaidi.

Baharia hakupona. Mkataba wa kawaida wa baharia Mfilipino mpaka leo unataka angalau asilimia 80 ya mshahara wake wa msingi ipelekwe nyumbani kila mwezi, kwa mtu aliyemwandika kabla hajapanda meli. Mabaharia hawa mnawajua, meli zao zinatia nanga Kilindini, wanashuka kutafuta laini ya simu na nyama choma. Ukimwona anahesabu shilingi kama mwanafunzi, usidhani ni bahili. Mshahara umeshaondoka.

Na pale panapoandikwa jina la mpokeaji pana mambo. Hauandikwi ukoo, anaandikwa mtu. Je, ni mke au ni mama? Kijana amekwenda chuo cha ubaharia kwa shamba la mama lililouzwa, halafu akaoa. Akimwandika mke, mama anasema nimemlea nani? Akimwandika mama, mke anapiga magoti kwa mavyaa wake kila mwezi kuomba pesa ya maziwa. Wapo wanaogawa, huyu kiasi na huyu kiasi, na bado kila upande unataka kujua wa pili amepata ngapi. Wao wana neno, *utang na loob*, deni la ndani, deni la moyo. Si la hela na halina tarehe ya kuisha. Sisi tungesema fadhila. Ila fadhila kwetu mtu anaweza kuisahau akasutwa tu. Kwao ukiisahau umevuliwa utu.

Njia za kufikisha nitazipitia haraka, isipokuwa moja. Benki zipo. Simu zipo, na hapa sisi tunaojisifu kwa M-Pesa tujue kwamba kampuni ya simu ya Smart ya Ufilipino ilikuwa na Smart Money tangu mwishoni mwa 2000, GCash, ya huko huko, ikafuata 2004, na M-Pesa yetu ilizinduliwa Machi 2007. Ile moja ninayotaka kuikalia ni duka la rehani.

Ndiyo, rehani. Unakopeleka kidani na hereni. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000, na vipo vingi ambavyo benki haikuona faida ya kwenda. Duka la rehani lilikwenda. Cebuana Lhuillier, M Lhuillier, Palawan, majina haya utayakuta kwenye miji midogo yenye soko moja na kanisa moja. Mtoto akituma kutoka Riyadh, mama anapata ujumbe wenye namba, anakwenda dukani na kitambulisho, anahesabiwa peso zake. Ada mara nyingi ameshalipa mtumaji, kwa hiyo ule wimbo wetu wa "tuma na ya kutolea" wao hawauimbi sana. Uzuri wa duka lile, au ujanja wake, ni huu: pesa ikichelewa, mama anaweka hereni dirisha lile lile. Ikifika, anazikomboa dirisha lile lile. Duka linakula kwa kuchelewa na kwa kufika.

Nikitaja kula, niwaambie siri ya kazi yangu ya zamani. Ada ile iliyobandikwa kwenye kioo si ada yote. Nyingine imo katika bei ya sarafu. Tuchukue mfano: sokoni dirhamu moja ni peso 15.80, duka linakupa 15.60. Ukituma 1,000, umeacha peso 200, kama dirhamu 12 na kitu, na hakuna risiti inayosema hivyo. Duka linaloandika "bila ada" kwa herufi kubwa, mtazame hapo kwanza. Wafilipino walikuwa wanajua. Walitumiana bei za maduka asubuhi, na wiki ambayo peso imeanguka walijaa mpaka tukafunga mlango. Oktoba 2022 dola moja ilifika karibu peso 59, na kabla ya hapo haikuwa imewahi kutokea. Magazeti ya Manila yanaandika msiba, na foleni ya Dubai inatabasamu. Kisha mama yule yule anapigiwa simu kwamba mchele umepanda, na tabasamu linarudi mfukoni.

Ukubwa wa jambo hili? Mwaka 2024 dola bilioni 34.49 zilipita benki, na ukijumlisha za mkononi na vitu ni bilioni 38.34, zaidi ya asilimia 8 ya pato la taifa. Kenya mwaka huo tulipokea karibu bilioni 5. Ukisoma ripoti utaona Marekani inaongoza kwa mbali, karibu asilimia 40. Punguza kidogo. Kweli wapo Wafilipino wengi Marekani, wauguzi na waliolowea, lakini Benki Kuu yao yenyewe inaeleza kwamba maduka mengi ya kutuma hupitisha pesa katika benki za Marekani, kwa hiyo dirhamu ya Deira inaweza kuhesabiwa kuwa imetoka New York. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu walirudishwa kwao kwa maelfu na maelfu, wataalamu wakatabiri balaa. Fedha zilipungua kwa asilimia 0.8 tu. Waliobaki walijikaza.

Halafu kuna sanduku. Wanaliita boksi la *balikbayan*, la mwenye kurudi nchini, ingawa mara nyingi sanduku linarudi na mwenyewe amebaki. Linakwenda kwa meli, na bei yake ni ya sanduku, uzito haupimwi. Sasa mwambie mtu uzito haupimwi uone atakavyolijaza. Makopo ya nyama, sabuni, chokoleti, taulo, viatu vyenye soksi ndani na soksi zenye peremende ndani. Linakaa pembeni mwa kitanda miezi, kila mshahara linaongezwa kitu. Mwaka 2015 forodha ya kwao ilipotangaza itayafungua kukagua, nchi iliwaka mpaka rais akaamuru waache kuyapekua ovyo. Mwaka uliofuata sheria ikaruhusu vitu vya hadi peso 150,000 bila ushuru, hadi mara tatu kwa mwaka. Dirishani kwangu hawakupiga kelele kamwe kuhusu ada. Kuhusu sanduku walilia.

Wanaume wao waliokwenda Saudia walikuwa wakirudi wananunua jeepney, ndiyo matatu ya kwao, wanaandika ubavuni *Katas ng Saudi*. Katas ni maji ya tunda lililokamuliwa. Hawakuandika neema ya Saudia wala zawadi ya Saudia. Walijua tunda ni nani.

Nirudi kwenye karatasi. Yule mama wa "mjomba ataumwa" nilimhudumia miaka minne. Siku moja nikaona chini kabisa kumeongezwa mstari: *ako*, dirhamu 50. Mimi Mswahili nikasoma "-ako", nikadhani ni pesa ya mtu, yako, yake, sijui. Nikamuuliza, ako ni nani? Akajigusa kifua. Kwa Kitagalogi, lugha yao, *ako* ni mimi. Alikuwa amefungua akaunti kwao kwa jina lake, na hakumwambia mtu. Miezi mingine mstari ule ulikatwa kwa kalamu, dirhamu 50 zikahamia kwa *kapatid*. Alipokuja kuniaga, deni la nauli lilikuwa limetoka kwenye orodha, mdogo wake amemaliza chuo, na *ako* ilikuwa imepanda mpaka mstari wa pili, chini ya mama.

Nimeleta nakala za karatasi ya mistari, zipo pale mezani, na kalamu. Wanaosafiri mwezi huu wachukue. Naona mikono imeshainuliwa. Dada wa kule nyuma, karibu na feni, anza wewe.